Mwethya wa Chifu Ndolo

Siku Bwana D.O. alipokuja kuzungumza juu ya usalama, Kalunde alikaa mstari wa mbele kwa sababu aliambiwa akae hapo. Chifu Ndolo mwenyewe alimsogezea kiti chenye mgongo, wakati wanawake wengine wote walikuwa wamekaa chini kwenye vumbi. Kalunde hakuwa mjinga. Mtu wa serikali akikuletea kiti barazani, ujue ana kazi na wewe.

Kazi yenyewe haikuchelewa. D.O., mkuu wa tarafa, alikuwa kijana mgeni aliyevaa shati lililopigwa pasi likakubali. Alimnyooshea Kalunde kidole mbele ya watu wote.

"Mnaona huyu mama? Mwaka jana wezi wa ng'ombe walipiga bwana yake risasi. Kiilu, si ndiyo? Serikali haijasahau."

Akaendelea kusema kwamba kamati ya usalama ya wilaya imekaa na kukata shauri. Kambi ya askari itajengwa papa hapa, kando ya barabara ya Kanyangi. Mawe yapo, na saruji iko njiani. Kilichobaki ni mchanga, na mchanga uko tele pale kwenye kona ya mto Kaindu. Lori litakuja Alhamisi.

Watu barazani wakatazamana.

Kaindu ni mto wa mchanga. Nje ya yale majuma machache ya mvua huoni tone, utadhani ni barabara pana iliyosahauliwa. Maji yake yanakaa chini. Mwenye kuyataka huchimba shimo mchangani, hulizungushia miiba ng'ombe wasiingie, na kuchota kwa kata polepole jinsi yanavyojikusanya. Kila nyumba ina shimo lake, na hakuna anayeruka miiba ya mwenzake bila kuomba. Ukisomba mchanga, maji hayana pa kukaa. Hilo halikuhitaji mwalimu. Watoto walilijua, na Chifu Ndolo alilijua kuliko wengi, maana kona hiyo hiyo ndiyo iliyomkuza mpaka akapata kofia ya kuvaa.

Tena ilikwisha kutokea. Kona ya juu, karibu na kwa Kalunde, ilisombwa yote ili kujenga ofisi ya chifu. Mvua iliyofuata ilipita juu ya mwamba mtupu, ikaenda zake. Watu wa upande ule wakaanza kunywa maji ya bwawa la mifugo. Nthenya, binti yake Kalunde, msichana wa kucheka ovyo, aliyanywa maji hayo, akaanza kuharisha asubuhi moja, na kabla wiki haijaisha wakawa wanamchimbia kaburi kando ya lile la baba yake, ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi. Ndiyo maana Kalunde alikuwa amehamia kuchota kona hii ya chini, kwa ruhusa ya bibi kizee Ndila, mama yake chifu, aliyempimia nafasi kando ya shimo lake. Na sasa ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ile njaa ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa na pesa mkononi, kwa sababu hata mwenye pesa hakuwa na cha kununua. Baada ya kona hii hapakuwa na kona nyingine.

"Mama," D.O. akasema kwa upole wa kujifunza, "ambia watu vile umefurahi."

Kalunde akasimama. Alikuwa mwembamba, na njaa ilikuwa imemwongezea wembamba, lakini sauti yake haikuwa imekonda hata kidogo.

"Bwana D.O., asante kwa kiti. Bwanangu aliuawa na risasi, na nyinyi mlikuja. Mlikuja na magari, mkapima pahali alianguka, mkashika vijana wa watu, mkaenda. Mwaka huo huo msichana wangu akauawa na maji. Huyo hakuna mtu alikuja. Mimi nauliza tu. Huyu wa risasi na huyu wa maji, ni nani alikufa sana?"

Watu wakaguna. D.O. akatazama saa yake.

"Pole sana, mama. Lakini hiyo ya maji ni mambo ya maendeleo. Iko na ofisi yake huko Kitui. Leo tunaongea usalama."

"Hata mimi naongea usalama," Kalunde akajibu, akakaa. Kumbe kifo cha Nthenya kilikuwa na ofisi yake! Na kama kina ofisi, mbona hiyo ofisi haikufika hata kusema pole?

Chifu Ndolo aliona nyuso za watu wake, akaona mambo yanaharibika. Akaruka katikati huku anapangusa jasho. Hapo ndipo alipofanya kosa lake, kosa ambalo mgeni asingelifanya kwa sababu mgeni asingelijua neno lenyewe.

"Watu wangu, hakuna mtu atalazimishwa," akasema. "Hiyo ilikuwa ya mkoloni. Mimi Ndolo naita mwethya. Mnasikia? Ni mwethya yangu mimi. Kila nyumba itoe mtu, Alhamisi, kona ya Kaindu, na jembe."

D.O. akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kwake mwethya ni watu wengi wanaofanya kazi wakiimba, bila kulipwa. Jambo zuri lililoje!

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, Kalunde alikuwa ndani ya shimo lake na kata mkononi. Mbinya, rafiki yake tangu usichana na mwimbishaji wa kikundi chao cha wanawake, alikuwa amesimama ukingoni akitema moto.

"Mimi nitalala mbele ya hiyo lori! Wacha inikanyage!"

"Itakukanyaga," Kalunde akasema kutoka chini, "halafu watasomba mchanga wakikuzunguka."

Upande wa pili wa miiba, Istahil alikuwa akinywesha mbuzi. Mumewe, Aftin, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa kutoka kaskazini mashariki, na wakati huo alikuwa amepeleka kundi mnadani Emali. Kiilu alipouawa, kuna watu waliotaka Istahil afukuzwe mtoni, kana kwamba wezi wale walikuwa wametumwa naye. Kalunde, mjane mwenyewe, ndiye aliyewaambia waache upuuzi. Na alipohamia kona hii, wanawake hawa wawili wakawa wanachota ubavu kwa ubavu, na maneno baina yao hayakuwa mengi.

"Kambi ikijengwa, mtu wa kwanza kusimamishwa barabarani ni Aftin," Istahil akasema. "Hiyo nimezoea. Lakini maji ikiisha, mimi nafunga mizigo naenda. Nyinyi mtaenda wapi?"

Istahil akamvuta mbuzi mmoja masikio, akauliza tena, kwa udadisi tu, "Halafu huyu chifu ameita watu wote hawa. Atawachinjia nini? Kwetu mtu akiita watu wachimbe kisima yake, anachinja."

Kata ya Kalunde ikasimama hewani, maji yakamwagika.

"Mbinya. Ndolo alisema nini pale? Alisema kazi, ama alisema mwethya?"

"Alisema mwethya. Mwethya yangu mimi, akapiga na kifua."

Kalunde akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta wa mchanga, na Mbinya akachungulia kwa hofu, maana hakuwa amemsikia akicheka tangu mazishi.

Ukiita mwethya kuna mambo yake, na hayajaandikwa popote kwa kuwa hakuna anayeyasahau. Wewe mwenye kuita ndiwe wa kwanza kushika jembe. Chakula cha watu ni juu yako, na maji yao ya kunywa vilevile, ya kwako, si ya kuomba kwa wafanyakazi wako. Na huondoki mpaka mtu wa mwisho ameondoka. Chakula mwaka ule mtu angesamehewa; nani alikuwa nacho? Lakini maji hayana msamaha. Hakuna Mkamba anayekaushia watu koo kwenye mwethya wake halafu akatembea sokoni kichwa juu.

Alhamisi watu walikuja ambao hata kanisani hawafiki. Walikuja na majembe, sepetu na makarai, wanawake kwa wingi, wamefunga leso viunoni. Lori lilikuwa limeshateremka mtoni, limeegeshwa juu ya mchanga, dereva wake Mulei akivuta sigara kwenye kivuli cha tairi. Askari wawili walikuwa kando na virungu vyao. Chifu Ndolo, ndani ya kaki na kofia, aliangalia umati ule akafurahi, maskini.

"Haya! Tuanze!"

Watu wote wakaketi. Waliketi juu ya mchanga, hapo hapo ulipotakiwa kuchimbwa, wakaweka majembe magotini.

"Nini sasa?" chifu akauliza.

"Tunangoja mwenye mwethya," Kalunde akasema. "Shika jembe, tukufuate. Na jua ni kali, tuletee maji."

"Maji? Si mko juu ya maji!"

"Hiyo ni yetu. Kila shimo iko na mwenyewe, na miiba yake. Kwani ni sisi tumekuita mwethya, ama ni wewe umetuita?"

Kicheko kikapita katikati ya watu. Uso wa Chifu Ndolo ukabadilika pale alipokumbuka alichokisema barazani kwa mdomo wake mwenyewe. Angeweza kuwaamuru askari waruke miiba. Lakini miiba ile ilikuwa ya nyumba za shangazi zake, za binamu zake, na ya kwanza kabisa, karibu na lori, ilikuwa ya mama yake.

Bibi Ndila alikuwa amekaa kwenye mlango wa miiba yake na kibuyu mapajani.

"Mwaitu," chifu akamwambia kwa sauti ndogo, kama mtoto anayemwomba mama. "Nipe maji ya watu."

"Maji ni yako, mwanangu. Lakini mimi mgongo unauma. Ingia uchote."

Chifu Ndolo akavua kofia, akaiweka juu ya mwiba, akateremka shimoni. Shimo lilikuwa refu kuliko alivyolikumbuka. Akachota kata moja, mchanga ukabaki umelowa tu, akangoja, maji yakajikusanya kwa uvivu wao, akachota tena. Huko juu Mbinya alikuwa ameanza wimbo, na wimbo ule ulimtaja Ndolo kwa jina, wa ukoo fulani, mtoto wa Ndila, aliyeota kitambi mpaka shimo la mama yake likambana. Wanawake wakauitikia kwa nguvu. Debe la kwanza lilipopanda hatimaye, likazunguka, likaisha kabla halijafika kwa mstari wa tatu.

"Bado," wa nyuma wakasema. "Sisi bado."

Jua lilikuwa utosini D.O. alipofika na Land Rover yake. Alikuta lori tupu, umati umekaa unaimba, na chifu wake haonekani. Alipochungulia shimoni, akaona upara unang'aa huko chini.

"Chief! Unafanya nini huko?"

"Nachota maji, bwana."

"Maji ya nini?"

"Ya mwethya, bwana."

D.O. hakuelewa na wala hakutaka kuelewa. Aliwageukia watu, na ule upole wa barazani haukuwapo tena. Akasema huu ni uasi, kwamba wanachezea mambo ya usalama wa nchi, na kwamba kuna watu wako ndani kwa mambo madogo kuliko haya.

"Anayekataa kazi apande lori! Sasa hivi! Mtalala kituoni nyote!"

Alidhani watainuka na kushika majembe. Kwa kweli hata mkono wa Kalunde mwenyewe ulikwenda kwenye mpini wa jembe. Alijua seli ni nini. Wale vijana walioshikwa baada ya kifo cha Kiilu, mmoja hakurudi na macho yake yote mawili. Lakini alipoangalia chini aliona mchanga, na chini ya mchanga aliyaona yale maji ambayo Nthenya hakuyapata. Akasimama. Akajipangusa nguo, akaenda nyuma ya lori, akatia mguu kwenye chuma, akapanda.

"Nimepanda," akasema kutoka juu. "Nipelekeni. Huko kituoni kuna maji?"

Mbinya akapanda, bado anaimba. Istahil akafunga mbuzi wake kwenye mti na kupanda, ingawa jina lake halikuwa kwenye mwethya wowote na askari wangefurahi kumfungia yeye kuliko wote. Kisha wakapanda wengine, mmoja akimvuta mwingine, na majembe yao, mpaka pahali pa mchanga pakajaa watu na mbao za kando zikaanza kulia. Wa mwisho alikuwa bibi Ndila. Alifika kwa fimbo yake, akaangalia kimo cha lori, akamgeukia mwanawe aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka shimoni, tope mpaka magotini.

"Ndolo, nishike mkono. Gari hii ni ya juu."

"Mwaitu, wewe rudi nyumbani."

"Nimekataa kazi. Bwana amesema anayekataa apande."

Chifu akamtazama D.O. D.O. akatazama pembeni. Basi Ndolo akambeba mama yake kwa mikono miwili, akamwinua, Kalunde akampokea. Halafu, watu wakiwa wanamtazama, chifu naye akashika ubao akapanda.

"Chief! Wewe unaenda wapi?"

"Bwana, mwethya ni yangu," Ndolo akasema bila kuinua macho. "Siwezi kubaki nyuma ya watu." Kama ni aibu iliyomsukuma, au ni mama yake, hakuna aliyejua. Kofia yake ilibaki juu ya mwiba.

"Endesha!" D.O. akampigia Mulei kelele.

Mulei alikuwa dereva wa miaka mingi na alijua kitakachotokea, lakini amri ni amri. Akawasha, akakanyaga mafuta. Lori likanguruma, likasogea kidogo, matairi ya nyuma yakazunguka pale pale na kuanza kuchimba. Kadiri alivyokanyaga ndivyo lilivyozama, mpaka ekseli ikalala mchangani. Akazima. Katika kimya kile watu wote wakaona jambo: kwenye mashimo yaliyochimbwa na matairi, maji yalikuwa yanapanda, kidogo kidogo, meusi kwanza, kisha yakatulia. Mbuzi mmoja wa Istahil akajikwamua kamba, akaja akanywa chini ya lori la serikali.

Hapo Kalunde alimwona D.O. akiyatazama maji yale kwa muda. Alikuwa kijana kweli. Pengine alikuwa na mama mahali.

"Shukeni msukume," akasema hatimaye.

"Mwethya ya Ndolo imeisha, hakuwa na maji ya kutosha," Kalunde akajibu. "Sasa naita yangu. Lori itatoka hapa vile ilikuja, tupu, na mchanga mtatafuta huko mto Tiva."

"Tiva ni mbali!"

"Kona ya juu ilikuwa karibu. Nenda uone iko na nini leo." Akashuka, akasimama mbele yake. "Mimi sikatai kambi, bwana. Waliua Kiilu, na mimi nataka washikwe. Lakini hutanilinda na mwizi kwa kuniua na kiu. Sema mbele ya watu, lori itaenda Tiva. Usiposema, tutakaa juu ya lori, na utatuangalia hapa mpaka mvua inyeshe."

D.O. akaangalia umati, akaangalia ekseli, akaangalia jua.

"Lori itaenda Tiva," akasema.

"Na wewe usukume. Kwa mwethya hakuna mtu wa kutazama."

Walilisukuma wote. Walilaza matawi chini ya matairi, Mbinya akatoa wimbo mwingine, na lile shati la pasi likapata tope lake pamoja na kaki ya chifu. Lori lilipotoka, watu walipiga vigelegele kana kwamba wamezaa.

Kalunde alikuwa mwenye mwethya, kwa hiyo aliingia shimoni mwake, akachota, akawagawia kila mtu. Aliposogea kwa D.O. na kikombe cha bati, kijana alikipokea kwa mikono yote miwili, akasita, akayatazama maji.

"Yamechemshwa?"

Kalunde hakukasirika. Ajabu ni kwamba kwa swali lile alimwonea huruma.

"Hapana. Lakini haya yamechujwa na huu mchanga ulitaka kubeba. Yale aliyokunywa Nthenya yalitoka bwawani. Na yeye aliniuliza kama wewe, mama, haya ni mazuri? Nikamwambia kunywa, hakuna mengine."

D.O. akakiinua kikombe. Akanywa. Kalunde alisimama mbele yake mpaka akamaliza kikombe chote, kisha akakichukua, akakikung'uta.

"Jina lake lilikuwa Nthenya," akamwambia. "Kwenye hiyo kamati yenu, mkikaa tena, mtaje na yeye." Akarudi kwenye shimo lake, akaanza kurudisha miiba mlangoni.